Maswali ya Wazazi: Nilinganisheje madarasa ya awali ya shule za serikali?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninaishi Kihonda, katika Manispaa ya Morogoro, na nina mtoto wa kike atakayetimiza miaka 5 mwezi wa pili mwakani. Zipo shule tatu za msingi za serikali ambazo mtu anaweza kuzifikia kwa miguu kutoka nyumbani kwetu, na zote zina darasa la awali. Ya kwanza inasifiwa na kila mtu kwa sababu darasa la saba hufaulu vizuri kila mwaka. Ya pili imejengewa darasa jipya la awali, lina rangi na michoro ukutani, na nje kuna bembea. Ya tatu ina jengo la zamani lisilo na cha kutazama, ila ndiyo iliyo karibu zaidi, na akina mama wenye watoto pale humsema vizuri mwalimu wa awali. Mume wangu anataka ya kwanza, mimi moyo unanipeleka ya pili, na mama mkwe anasema mtoto mdogo asipelekwe mbali. Uandikishaji unakaribia. Tunalinganishaje shule hizi bila kubahatisha?
Mama wa Kihonda

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimefundisha watoto wa awali kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na swali lako ni lile ambalo nilitamani wazazi waniulize kabla ya Januari, kwa kuwa wengi waliniuliza mwezi wa tano, mtoto akiwa amekwisha kuichukia shule.

Nianze na hoja ya mume wako, maana ndiyo inayotumiwa na wazazi wengi. Matokeo ya darasa la saba yanayotangazwa na Baraza la Mitihani yanamhusu mtoto aliyepita katika darasa la awali miaka saba au zaidi iliyopita, akafundishwa baadaye na walimu wengi tofauti, na pengine mwalimu aliyempokea siku ile ya kwanza amekwisha hamishwa au amestaafu. Baraza la Mitihani halitungi mtihani wowote wa darasa la awali, na ni vema iwe hivyo. Kwa hiyo shule inaweza kuwa na darasa la saba linalong'ara na darasa la awali lililoachwa lijiendeshe, chini ya mwalimu mkuu mmoja na katika uwanja mmoja. Tena sifa ya shule huvuta watoto kutoka mitaa ya mbali, na msongamano huo huanza kulemea kwenye darasa la chini kabisa.

Ili uelewe kwa nini shule tatu za manispaa moja zinaweza kutofautiana kiasi hicho, kumbuka tulikotoka. Elimu ya awali ilitambuliwa rasmi katika Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995, kisha Sera ya 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, na kuanzia Januari 2016 ada ikaondolewa. Wazazi waliitikia kwa wingi: watoto wa awali nchini, ambao mwaka 2015 walikuwa zaidi kidogo ya milioni 1, walizidi milioni 1.5 mwaka 2016. Vyumba na walimu waliosomea kazi hiyo havikuongezeka kwa kasi hiyo. Kila mwalimu mkuu alijipanga kwa alichokuwa nacho; mmoja alimtoa mwalimu wake bora akampa awali, mwingine aliunganisha awali na darasa la kwanza, na mwingine aliwakabidhi watoto kwa mwalimu ambaye hakuwa na hamu nao kabisa. Ndiyo maana mimi naamini kwamba tofauti kubwa haiko kati ya wilaya na wilaya. Iko kati ya mlango wa darasa moja na mlango wa darasa la jirani, na huwezi kuijua mpaka umesimama mlangoni.

Jambo la kwanza la kuuliza ni idadi. Kiwango kilichowekwa na serikali kwa darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Usitarajie kukipata mjini Morogoro, wala usimlaumu mwalimu mkuu kwa kutokuwa nacho, lakini kitumie kama kipimo cha kulinganishia. TAMISEMI, yaani ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, hutoa takwimu za elimu za kila mwaka kwa kila halmashauri, nazo zitakusaidia kuona hali ya manispaa kwa ujumla. Wastani wa manispaa, hata hivyo, hautakaa na mwanao kwenye mkeka. Omba kwa heshima kujua mambo mawili: walioandikwa kwenye rejista ni wangapi, na waliohudhuria leo ni wangapi. Pengo kati ya namba hizo mbili lina habari ndani yake. Darasa lenye watoto 70 kwenye rejista na 66 darasani ni darasa ambalo watoto wanalipenda. Lenye 60 kwenye rejista na 35 darasani, siku isiyo ya mvua wala ya gulio, ulizia kwa nini.

Pamoja na idadi, uliza pia watoto wamegawanywaje. Mwaka wa kwanza nilipopangiwa awali nilipokea watoto 84 na mkeka mmoja. Kwa miezi miwili nilifundisha kwa kupaza sauti, watoto wakiitikia kwa pamoja, na nikadhani wanajifunza. Siku moja nikamwita mmoja mmoja, nikamwekea kila mtoto vifuniko vya soda chini nikamwambia anipe vitano. Walioweza kuimba moja mpaka ishirini bila kukosea walinipa vifuniko vitatu, au vyote. Toka siku hiyo niliwagawa makundi manne: kundi moja likiwa nami na vifuniko, jingine kwenye mchanga nje, jingine na picha, jingine na maboksi ya kujengea, kisha tunabadilishana. Idadi ilibaki 84, lakini kila mtoto nilikuwa namfikia angalau mara moja kwa siku. Ukifika katika shule zako tatu na kukuta watoto wote wamekaa wakiitikia "a, e, i, o, u" kwa nusu saa nzima, jua kwamba hata wangekuwa 30 bado mwalimu hawafikii. Kipindi cha awali kimepangwa kuwa cha dakika 20 kwa sababu mtoto wa umri huo hawezi kukaa sana kwenye jambo moja.

Jambo la pili, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni mwalimu mwenyewe. Uliza kama amesomea elimu ya awali, lakini usiishie hapo, maana nimewaona wenye cheti wasio na subira na wasio na cheti cha awali wenye karama ya ajabu. Muulize: "Mwalimu, yule mtoto aliyekaa pale pembeni, wiki hii anajifunza nini?" Mwalimu anayewajua watoto wake atakuambia kwamba yule anahesabu vizuri ila haongei na wenzake, au kwamba alikuja akilia na sasa ameanza kucheza. Asiyewajua atakueleza mada ya wiki iliyoandikwa kwenye andalio lake. Nina mjukuu aliyeandikishwa katika shule moja yenye sifa kubwa, ambayo jina lake naliacha. Baada ya miezi mitatu nilikwenda kumchukua, na mwalimu akamwita kwa jina la mtoto mwingine. Sikumkasirikia yule binti, kwa kuwa alikuwa na watoto zaidi ya 100 pamoja na darasa la kwanza mkononi mwake. Lakini nilimhamisha mjukuu wangu, na huko alikohamia, katika wiki ya pili tu, mwalimu alinivuta pembeni akaniambia mtoto anaona haya kuomba ruhusa ya kwenda chooni, ndiyo maana anarudi nyumbani na nguo mbichi. Miezi mitatu yote ile sisi tulikuwa tunamgombeza.

Uliza vilevile kama mwalimu huyo ni wa awali peke yake au anagawanywa. Shule inayomtoa mwalimu wa awali kwenda kushika darasa la nne kila mwenzake anapougua imekwisha kukuonyesha namna inavyolitazama darasa hilo.

Sasa nije kwenye jengo lililouvuta moyo wako. Kupitia BOOST, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya awali na msingi, shule nyingi nchini zimejengewa madarasa ya awali ya mfano, nami nimefurahi kuyaona, kwa kuwa kizazi chetu kilifundishia chini ya mwembe na ndani ya stoo. Meza za kimo cha mtoto, sakafu safi na bembea si anasa. Ila angalia kama vitu hivyo vinatumika. Kona za kujifunzia zenye vifaa vilivyopangwa vizuri mno, bila kitu kilichochakaa wala kupotea, mara nyingi ni kona za wageni. Vifaa vya watoto wanaojifunza huwa vimeshikwashikwa, mwanasesere ana mkono mmoja, vijiti vya kuhesabia vimepungua, na kwenye ukuta zimo picha walizochora wenyewe, zile ambazo kichwa cha mtu ni kikubwa kuliko nyumba. Michoro ya fundi rangi inapendeza macho, ila mtoto ameikuta ukutani, wala hakuna aliyemwambia aguse.

Kuhusu mtaala huna haja ya kulinganisha, maana shule zote tatu zinapaswa kufuata ule wa Taasisi ya Elimu Tanzania ulioboreshwa mwaka 2023 na kuanza kutumika Januari 2024.

Usiondoke bila kuona choo, na uingie ndani kabisa. Miongozo inataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, lakini kwa mtoto wa miaka 5 nakuomba utazame zaidi ukubwa wa tundu, kitasa anachoweza kukifikia, na kama anachangia choo hicho na vijana wa darasa la saba. Tazama maji yako wapi. Kibuyu chirizi kilichojaa maji na chenye sabuni kina thamani kuliko bomba la kisasa lililokauka. Kisha uliza habari ya uji. Watoto wa awali huamka mapema kama wakubwa zao, na ifikapo saa 4 mtoto mwenye njaa hasikii tena unachomwambia. Elimu hii haina ada, ila katika shule nyingi uji hutokana na makubaliano ya wazazi, kwa hiyo uliza wamekubaliana nini, ni nani anayepika, na mtoto ambaye mzazi wake hajachangia hufanyiwa nini wenzake wanapokunywa. Jibu la swali hilo la mwisho lisikilize kwa makini sana.

Mama mkwe wako naye amesema neno. Ninyi wa Kihonda mnaijua barabara ya Dodoma na malori yake. Kama kwenda shule ya kwanza au ya pili ni lazima kuivuka, basi pigeni hesabu ya kila siku: nani atampeleka, nani atamrudisha, na siku huyo mtu akiumwa itakuwaje, kwa sababu watoto wa awali hutoka mapema kuliko ndugu zao wakubwa. Mtoto anayekosa siku moja kila wiki kwa sababu ya umbali amepoteza sehemu ya tano ya mwaka wake, hata kama shule ni nzuri.

Namna ya kwenda ni hii. Jitambulishe kwanza kwa mwalimu mkuu, mweleze kwamba unatafuta nafasi ya mtoto na ungependa kuliona darasa, wengi watakukaribisha. Nenda siku ya kawaida katikati ya wiki, ufike kabla ya saa 2 asubuhi uone watoto wanavyopokelewa, kisha ukae kimya nyuma mpaka wakati wa uji. Nenda na mume wako angalau katika shule ile anayoitaka. Chukua nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kama bado hamjakipata, anzeni sasa kufuatilia RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi. Ukikutana na mjumbe wa kamati ya shule, muulize wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, walipotembelea mara ya mwisho waliagiza nini kuhusu awali na kama kimetekelezwa. Afisa Elimu Kata pia anazijua shule zake zote, na ukimuuliza "mwalimu gani wa awali ungemkabidhi mwanao?" badala ya "shule gani ni nzuri?", atakujibu tofauti.

Sijaziona shule zako, kwa hiyo siwezi kukuchagulia. Lakini kwa ulivyoandika, mimi ningeanzia ya tatu. Akina mama wanaomsifu mwalimu kwa jina lake wanasifu jambo wanaloliona kila siku mtoto akirudi nyumbani. Ukimkuta mwalimu huyo ni kama wanavyosema, na choo kinafaa, usisumbuliwe na uzee wa jengo. Ukikuta watoto ni zaidi ya 80 na yuko peke yake, basi itazame ya pili, ukiangalia mikono ya mwalimu kabla ya kuangalia ukuta. Ile ya kwanza mume wako hajaipoteza, kwani mtoto anaweza kuombewa uhamisho baadaye akiwa amekwisha kuipenda shule.

SWALI: Mwalimu, mimi ni baba wa watoto wawili, ninaishi Mkundi. Mdogo yuko awali shule ya serikali. Jirani yangu amempeleka wake shule ya kulipia ya mchepuo wa Kiingereza, na mtoto huyo sasa anaandika jina lake na kuhesabu kwa Kiingereza mpaka 50. Wangu bado anacheza na udongo. Je, nimemkosesha mtoto haki yake?
Baba wa Mkundi

JIBU: Hapana, ndugu yangu, ila nakushauri ulinganishe kinacholinganishika. Mtaala wa awali wa 2016, ambao ndio uliotangulia huu wa sasa, ulitaja ujuzi sita wa kujengwa kwa mtoto: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, kumudu stadi za kisanii, na kutumia dhana za kihisabati. Ukitazama orodha hiyo utaona kwamba kuandika jina si jambo linalotangulia mengine. Vidole vinavyofinyanga udongo ndivyo vitakavyoshika penseli, na mtoto anayefinyanga ng'ombe wanne akamgawia mwenzake wawili anajua hesabu zaidi ya anayekariri namba za lugha asiyoisema nyumbani.

Lakini sitaki kukufariji bure. Zipo shule za serikali ambako udongo ni wa kuwapotezea watoto muda kwa sababu mwalimu hayupo. Fanya hivi jioni ya leo: mwombe mwanao akusimulie alichofinyanga na alikuwa anacheza na nani. Kisha weka maharage mezani, umwambie akupe sita. Mwisho msomee hadithi fupi kwa Kiswahili, funga kitabu, umuulize ilianzaje na iliishaje. Akiweza mawili kati ya hayo, mwalimu wake anafanya kazi, na ungekwenda kumshukuru. Asipoweza hata moja na mwaka umekwisha kupita nusu, nenda shuleni kabla hujafikiria ada ya jirani, ukamuulize mwalimu wanafanya nini baada ya udongo.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kwetu ni Matombo, na nyumbani tunaongea Kiluguru. Shule ni moja tu, hivyo sina cha kuchagua. Je, kuna haja yoyote ya mimi kwenda kukagua darasa la awali?
Mama wa Matombo

JIBU: Marahaba, mama. Ipo haja, na pengine kubwa kuliko ya mama wa Kihonda. Yeye asiporidhika atahamia mtaa wa pili, lakini wewe usiporidhika itabidi darasa lenyewe libadilike, na halitabadilika kama hakuna mzazi anayelijua. Lugha ya kufundishia ni Kiswahili, na mtoto wako atahitaji majuma kadhaa kuizoea. Muulize mwalimu kama anaelewa Kiluguru, hata kidogo, na kama anamruhusu mtoto kusema "nina kiu" au "naumwa tumbo" kwa lugha ya mama yake katika siku za mwanzo bila kuchekwa. Mwalimu anayetoka mbali anaweza kufundishwa na nyinyi akina mama maneno kumi ya Kiluguru kwa mchana mmoja: maji, choo, njaa, mama, njoo, kaa, pole, cheza, maumivu na nyumbani. Wakati huo huo mzoeshe mtoto maneno hayo kwa Kiswahili mnapochota maji au mnapomenya mihogo. Na kikao cha wazazi kikiitishwa, uwepo, uulize ni watoto wangapi wako awali na mwalimu wao ni nani, ili katibu aliandike swali hilo katika muhtasari.